Kumtoza Mzazi Faini si Huduma ya Afya

Ipo tabia iliyozoeleka miongoni mwetu sisi tunaolipwa mshahara na umma, nayo ni kumwona mama wa kijijini aliyejifungulia nyumbani kuwa ni mkaidi, mjinga, mtu aliyefungwa na mila. Tabia hiyo haikuishia katika mazungumzo ya ofisini. Katika baadhi ya vijiji vyetu imegeuzwa kuwa sheria ndogo: mama asiyejifungulia zahanati hutozwa faini, na pengine mtoto wake hunyimwa kadi ya kliniki mpaka faini hiyo ilipwe. Tunasema wazi kwamba sheria ya namna hiyo ni dhuluma, na zaidi ya hayo haitimizi kazi iliyokusudiwa.

Asitokee mtu wa kutusingizia kwamba tunatetea uzazi wa nyumbani. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa mbili tu, na kibandani hakuna sindano ya kuizuia damu hiyo. Akina mama wenyewe wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulionyesha kuwa asilimia 47 tu ya uzazi nchini ulifanyika katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81. Wakaidi hawabadiliki namna hiyo. Swali basi ni hili: hao waliosalia ni akina nani, na wanazuiwa na nini?

Tulitazame bonde la Kilombero. Mvua zianzapo, jamaa nyingi za wakulima wa mpunga huhama kijijini na kwenda kukaa katika vibanda vya mashambani kwa miezi kadhaa, wakilima, wakipalilia na kuamia ndege. Maji hujaa bondeni, njia hukatika, pikipiki haipiti. Uchungu ukimshika mama usiku katika mahali kama hapo, nani atathubutu kusema kwamba amechagua? Mwalimu mwenye kadi ya bima huchukua likizo yake akaenda mjini kwa dada yake majuma mawili kabla ya siku. Huyu wa shambani akitangulia mjini atafikia kwa nani, atakula nini, na watoto aliowaacha watalishwa na nani? Nyumba za mama ngojea zilibuniwa kwa ajili yake hasa. Lakini nyumba ya kungojea isiyo na chakula humfaa yule tu ambaye tangu hapo hakuihitaji.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mama mjamzito hatozwi kitu. Hayo ni maneno ya sera. Kisha ipo orodha anayopewa kliniki: glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kulalia, beseni, kanga safi. Muuguzi hakuitunga kwa uchoyo. Bohari lake ni tupu, naye hawezi kuzalisha kwa mikono mitupu. Hata hivyo, kwa mtu ambaye mpunga wake ungali shambani, orodha hiyo ni bei, iitwe kwa jina lolote. Na asiye na mume wa kufuatana naye katika hudhurio la kwanza, mahali pengine huambiwa kwanza alete barua ya mtendaji. Urasimu umefika hata mlangoni mwa uzazi!

Halafu kuna lugha. Mama aliyefokewa wakati wa uchungu, au aliyeonyeshwa kidole kwa sababu ya kanga iliyochakaa, hawezi kusahau, na jirani zake hawatasahau kwa niaba yake. Mkunga wa jadi hungojea malipo yake mpaka mavuno, humwita mzazi "mwanangu", humkanda kwa maji ya moto. Miaka ya 1980 Serikali ilikuwa ikiwafunza wakunga hao. Baadaye ikawaambia waache. Mama aliyezoea kumwamini mtu tuliyemfunza sisi wenyewe ana kosa gani?

Sasa ongeza faini juu ya yote hayo. Mama hujificha, na mtoto aliyefichwa hukosa chanjo. Au hujitetea kwamba uchungu ulimzidi akiwa njiani kwenda zahanati, nasi tunaandika "njiani" katika rejista, mwezi baada ya mwezi, mpaka msomaji mgeni angedhani kwamba barabara zetu ndizo wodi. Fedha aliyotozwa ndiyo hiyo ambayo ingemnunulia glovu na pamba.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inazipa serikali za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, lakini haziwi sheria mpaka zikubaliwe na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo faini hizi, panapokuwapo, zimepita mezani kwa watumishi wanaosoma ukurasa huu, au basi zinatozwa pasipo sheria yoyote. Madiwani wazifute, na katika kikao hicho hicho watenge fungu la chakula cha nyumba za mama ngojea na la vifaa vya kuzalishia. Naye mwalimu ambaye kijiji kitamwomba awaandikie nyingine, kwa kuwa ana mwandiko mzuri, akatae.