Mwachieni Mwanachuo Aisimike Seva

Yako mazoea yaliyoenea miongoni mwetu wakufunzi wa somo la kompyuta: mkufunzi hutayarisha mitambo usiku, na asubuhi wanachuo hukuta kila kitu tayari. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Niliisimika Gitea, programu ya kutunzia misimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake, katika seva ya Linux iliyokuwa chuoni, nikadhani nimewarahisishia kazi. Nilipokuwa likizoni diski ikafa. Wanachuo wakaanza kuandika kazi zao upya, zikiwa zimesalia wiki 3 kabla ya kuzikabidhi. Lililonisikitisha si diski. Nakala ya kawaida ya Git hubeba historia yote, na nakala hizo zilikuwamo katika kompyuta zao wenyewe! Hawakujua, kwa kuwa sikuwapa nafasi ya kujua.

Tangu hapo nashikilia kwamba kuisimika seva hiyo ni sehemu ya somo, wala si matayarisho ya somo.

Na kuanzwe na kilicho chepesi. Git yenyewe, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, haihitaji kurasa za kupendeza. Mwanachuo akifungua akaunti iitwayo git katika seva, akaweka humo funguo za wazi za SSH, zake na za wenzake, kisha akaandika amri git init --bare, tayari wote wana ghala moja la msimbo. Baada ya hapo ndipo iletwe Gitea, naye atatambua inamwongezea nini.

Yafaa kukaa kidogo juu ya ruhusa za faili, maana hapo ndipo penye mafunzo mengi. Gitea hukataa kuendeshwa na root, mwenye mamlaka yote katika mashine. Mwanachuo atakayejaribu atakataliwa, naye atauliza sababu. Swali hilo halizuki kamwe ikiwa mkufunzi amekwisha kulimaliza usiku. Tena, wakati wa kusimika, folda ya /etc/gitea hupewa ruhusa 770 ili programu iweze kuandika mipangilio yake. Kazi ikiisha hurudishwa kuwa 750, na faili ya app.ini huwekwa 640. Na aulizwe maana ya tarakimu hizo: 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kutekeleza. Akishaona mwenyewe kwamba 7 ya katikati imegeuka 5 kwa kuondolewa 2, yaani kundi limenyimwa kuandika, hatahitaji kukaririshwa.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi, na kwamba darasa zima likishika seva moja patakuwa na vurugu. La muda nalikubali. Vipindi 2 ni vichache mno. La vurugu lina dawa: Gitea haidai mashine kubwa, na hifadhidata ya SQLite yatosha kwa darasa, hivyo wanachuo wawili wawili waweza kupewa kompyuta kuukuu.

Kipimo nikipendacho ni hiki. Wapewe mashine tupu na nakala ya akiba iliyotengenezwa kwa amri gitea dump. Programu haina amri ya kuirudisha nakala hiyo. Faili na hifadhidata hurudishwa kwa mkono, kila kimoja mahali pake. Siku hiyo mkufunzi akae nyuma ya darasa, asiguse kibodi.