Sentimita Kumi Zangu: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mashindano ya Mkoa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimelelewa kuheshimu wakubwa, na barua niliyoleta ofisini kwako niliiandika kwa adabu hiyohiyo. Haikujibiwa. Sasa nakuandikia hadharani.

Futikamba mliyotumia kwenye kuruka chini kwa wasichana, katika mashindano yaliyopita ya mkoa, ilikuwa imekatika mwanzo. Haikuwa na sifuri. Asubuhi mwamuzi aliishikiza kwenye sentimita 10 pale alama ilipokuwa mchangani, na karani akiwa kwenye ubao akasoma, akatoa 10, akaandika. Kundi letu lote tulitolewa kumi hizo. Mchana akaja karani mwingine. Hakuna aliyemwambia, naye akaandika alichokisoma.

Mimi niliandikiwa mita 5.21. Aliyenishinda, wa kundi la mchana, aliandikiwa 5.27. Toa kumi: 5.17.

Niligundua jioni, nilipomsaidia karani huyo kukunja futikamba. Nilitafuta sifuri nisiione. Nilipomwonyesha, alishtuka kuliko mimi. Mwalimu wangu alikufuata palepale jukwaani, ukamjibu kwamba matokeo yameshatangazwa, na kwamba sentimita kumi si kitu.

Si kitu, Mheshimiwa? Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, mrukaji Bob Beamon aliruka mita 8.90. Chombo cha kupimia hakikufika alipotua, waamuzi wakaenda kutafuta futikamba ya chuma, wakapima upya. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi 1991, Mike Powell alipoivunja kwa 8.95. Sentimita tano, miaka 23. Mimi nilinyimwa kumi, na nafasi kwenye timu ya mkoa ilikuwa moja.

Kukosea si ajabu. Kwenye Olimpiki ya London 2012, mtambo ulikataa kuandika mtupo wa nyundo wa Betty Heidler kwa sababu kipimo chake kililingana na cha aliyemtangulia. Waamuzi walirudi wakapima kwa mkono, na usiku uleule akapewa shaba yake. Kumbe matokeo hurekebishwa pale wahusika wanapotaka. Nyinyi mlikuwa na futikamba mkononi, karani anakiri, na jua halijazama. Nafasi ilikuwa moja, nanyi mkaondoka.

Simlaumu binti aliyekwenda. Aliruka kwa haki, akabeba namba aliyopewa. Nawalaumu mliompa namba isiyo yake. Mimi nilikuwa kidato cha nne. Mwaka mwingine wa kuruka nikiwa shuleni sina. Nafasi ilikuwa moja, na haikuwa yangu peke yangu: hata mwalimu aliyenifundisha alfajiri kwa miaka mitatu aliipoteza.

Siku ile mahema ya wageni yalikuwepo, na maji baridi na viti vyenye vitambaa vilikuwepo. Fedha ya futikamba nzima ilikosekana. Hivyo ndivyo riadha yetu inavyoendeshwa: mgeni anaandaliwa wiki nzima, mwanariadha anapimwa kwa kipande cha kamba. Halafu tunaulizana kwa nini vipaji havifiki taifa.

Naomba mambo matatu. Karatasi ya matokeo irekebishwe, hata kama timu ilishakwenda na kurudi. Futikamba zikaguliwe mbele ya makocha kabla ya mruko wa kwanza. Na ile iliyokatika itupwe kabla ya mashindano ya mwaka huu.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili, Mheshimiwa. Naye anaruka chini.