Chui Hana Jirani



Juma lililopita, baada ya Swala ya Alasiri, tulikuwa tumekaa ukumbini kwa mmoja wetu hapa Tudor, vikombe vya kahawa mkononi na sinia ya kaimati katikati, na mazungumzo yakamfikia mama mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake hatulitaji, kwani aibu ya habari hii ni yetu wala si yake. Mama huyu ana watoto wawili wadogo. Mumewe yuko Bara Arabu akitafuta riziki, na riziki yenyewe hufika mwezi mmoja na ikakosekana miwili. Kila siku, mara tu baada ya Alfajiri, mama hutoka na beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi kwenda kuuza. Watoto huwaacha wamelala, akafunga mlango kwa nje, akarudi jua limeshapanda.

"Huyu ni mzazi wa namna gani?" akauliza mmoja wetu. Mwingine akajibu kwamba hata mnyama hamwachi mwanawe. Sote tukatikisa vichwa, kahawa ikaendelea kumiminwa.

Neno lile lilitufuata mpaka majumbani. Hata mnyama! Je, ni kweli? Tulisema kwa ulimi mwepesi jambo ambalo hatukuwa tumelichunguza. Basi leo, badala ya mapishi au malezi ya kawaida ya ukurasa huu, tumeona tumwendee mnyama mmoja tukamwulize. Tumemchagua chui. Si mgeni wetu: wapo chui katika misitu ya Shimba Hills, upande wa Kwale, safari fupi kwa mwenye kuvuka kivuko cha Likoni. Tena chui ni miongoni mwa wanyama ambao mama hulea peke yake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Simba jike huishi na dada zake. Wakizaa kwa karibu hunyonyeshana wana, na mmoja akienda kuwinda mwingine hubaki. Tembo jike ana mama yake, shangazi zake na binti zake, na mtoto akianguka matopeni hukimbiliwa na ukoo mzima. Chui hana hao wote. Dume humjia siku chache tu, kisha akaenda zake. Hamletei jike nyama wala halindi pango.

Hubeba mimba kwa muda wa miezi 3 hivi, kisha hutafuta mahali pa kujificha: ufa wa mwamba, pango, au kichaka kizito chenye miba. Hapo huzaa watoto wawili kwa kawaida, pengine mmoja, pengine watatu. Kila mmoja ana uzito wa kiasi cha nusu kilo, na macho yao hubaki yamefumba kwa takriban siku kumi. Hawaoni, hawakimbii, hawapandi mti.

Na maadui wamewazunguka. Simba akiwakuta huwaua, ingawa hana haja ya kuwala. Fisi huwala. Nyani wakiwagundua huwavamia kwa kundi na kelele nyingi, kwa kuwa wanajua kwamba mtoto wa leo ndiye mwindaji wao wa kesho. Chatu naye hupenya mahali ambapo wengine hawapenyi. Kilicho kizito kuliko vyote ni kwamba chui dume ambaye si baba yao huweza kuwaua ili mama yao awe tayari kuzaa naye. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi huko Sabi Sand, Afrika Kusini, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chui hawafikii umri wa kujitegemea.

Sasa tuitazame hali ya mama huyu kwa macho ya haki. Asipokula, maziwa yatakauka. Ili ale, ni lazima awinde, na kuwinda kwa chui ni kazi ya kunyatia na kungoja kwa saa nyingi. Hawezi kwenda na vichanga, maana mchezo mmoja wao ungelifukuza windo, na harufu yao ingemwita fisi. Akikaa nao, watakufa kwa njaa mbele ya macho yake. Akiondoka, huenda akarudi asiwakute. Baina ya mambo mawili haya hana la tatu.

Basi huondoka. Huwaacha usiku kucha, na wakati mwingine siku nzima na zaidi. Nao hulala kimya ufani, hawatoki wala hawalii, kana kwamba wameusiwa. Arudipo huwaita kwa sauti ya chini sana, ndipo wakajitokeza. Hata hivyo hakai mahali pamoja. Kila baada ya siku chache huwahamisha, akimbeba mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, kwani pango lililokaliwa muda mrefu hujaa harufu, na harufu ni mjumbe wa adui. Anayemwona kwa mbali angesema: mama huyu hatulii, leo yuko hapa, kesho kule, na watoto wake kawatupa. Kumbe kule kuondoka kwake ndiko kuwalisha, na kule kuhamahama ndiko kuwalinda.

Wafikapo wiki 6 hadi 8 huanza kuonja nyama. Kwenye miezi 3 huacha ziwa. Kisha huanza kumfuata, na wajuzi husema kwamba weupe ulio chini ya ncha ya mkia wa mama, anapouinua majanini, ndio bendera ya kuwaongoza. Windo analolipata hulipandisha mtini, pengine lina uzito kama wake mwenyewe, ili fisi wasilinyang'anye. Hukaa nao hivyo mpaka wapate kiasi cha mwaka na nusu. Binti akishakomaa, aghalabu mama humwachia sehemu ya eneo lake la kuwindia ili aishi jirani. Kijana wa kiume huenda mbali kutafuta kwake.

Katika Maasai Mara alikuwapo chui mmoja aliyejulikana dunia nzima kwa jina la Half-Tail, yaani Mkia Nusu, kwa kuwa alikuwa amepoteza kipande cha mkia. Wapigapicha walimfuata kwa miaka mingi, na Jonathan Scott na mkewe Angela waliandika habari zake. Tazameni: ile bendera tuliyoitaja, Half-Tail hakuwa nayo. Aliwalea wanawe na upungufu wake. Miongoni mwa wana aliowazaa, wengine waliliwa wangali wadogo, lakini mwaka 1996 alimzaa binti aliyepewa jina la Kiswahili, Zawadi, naye Zawadi akakua, akaonekana katika filamu za BBC, akawa mama mwenyewe. Half-Tail hakuuawa na simba wala fisi. Mwaka 1999 alikufa kwa tanzi la waya, na waya hautegwi ila na mwanadamu.

Wasomaji wetu, tunajua kutoka kwa Mtume wetu (S.A.W.) kwamba Mwenyezi Mungu aliigawa rehema mafungu mia, akateremsha ardhini fungu moja tu, na kwa fungu hilo viumbe vyote vinahurumiana, hata mnyama huinua ukwato wake asimkanyage mwanawe. Chui aliye ufani amepata sehemu yake katika fungu hilo. Rehema yake haina sura ya kukumbatia mchana kutwa. Ina sura ya kuondoka na njaa na kurudi na chakula.

Lakini iko habari nyingine ya chui iliyo karibu zaidi na sisi watu wa pwani, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Kisiwa cha Unguja kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoadoa madogo zaidi. Maelfu ya miaka iliyopita bahari ilikitenga kisiwa na bara, chui akabaki humo. Hapakuwa na simba Unguja, wala fisi. Kwa hesabu ya maadui, mama chui wa Unguja alikuwa na amani kuliko dada yake wa Mara. Hata hivyo, leo yule wa Mara yungali analea, na yule wa Unguja huchukuliwa kuwa ametoweka. Makumbusho ya Zanzibar yamehifadhi mmoja aliyekaushwa, macho yake ya kioo.

Nini kilimfika? Misitu ilipungua, kweli, na mawindo pia. Lakini watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, waliokaa na wenyeji na kusikiliza masimulizi yao, wameeleza jambo lingine. Watu wengi waliamini kwamba chui wale si wanyama wa mwitu tu, bali wengine hufugwa na wachawi na kutumwa kuwadhuru majirani. Mbuzi akikosekana, ilisemwa kuna mtu kamtuma chui. Mtoto akitishwa njiani, ilisemwa vivyo hivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikafanyika kampeni ya kuwaandama wachawi na chui kwa pamoja, na chui wakauawa kwa wingi. Mama aliyekuwa ufani akinyonyesha hakuwa na habari kwamba barazani ameshahukumiwa.

Simba hawakummaliza chui wa Unguja, kwa kuwa hawakuwapo. Maneno ya watu yalikuwa na sehemu kubwa katika kummaliza. Qur'ani Tukufu imetuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na papo hapo ikatukataza kupelelezana na kusengenyana. Tuliisoma aya hiyo madrasani tungali watoto. Juma lililopita, na kaimati mkononi, tuliisahau.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kumfungia mtoto mlango kwa nje ni jambo jema. Ni hatari kubwa. Moto ukishika, mlango uliofungwa ni kaburi, na hapa mjini petu nani asiyejua jinsi nyumba zilivyobanana? Ufa wa chui hauna kufuli. Lakini tulipokaa tukahukumu, hakuna aliyeuliza swali moja dogo: huyu mama amwachie nani?

Chui hana wa kumwachia. Hana mama mkwe, hana wifi, hana somo, hana jirani wa kupokezana naye mwana ukutani. Ndivyo alivyoumbwa, naye ametimiza wajibu wake. Sisi hatukuumbwa hivyo. Wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana, na nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na wikio juu ya njia, yaani chumba kinachounganisha nyumba mbili, ili mwanamke aingie kwa jamaa yake bila kushuka barabarani. Jibril alimhimiza Mtume (S.A.W.) juu ya haki za jirani mpaka akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Basi mama wa Tudor akilea kama chui, na milango kumi imemzunguka, kosa la kwanza halimo ndani ya nyumba yake. Limo katika ile milango kumi.

Siku ya tatu baada ya kikao kile, mkubwa wetu kwa umri aliondoka nyumbani kabla ya jua, akamkuta yule mama mlangoni, kufuli mkononi.

"Shikamoo, mama," akaamkia, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi, kwani alidhani ameletewa lawama.

"Marahaba, mwanangu. Watoto waache kwangu. Mimi baada ya Alfajiri silali tena."

Yule mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba kwa miezi yote hiyo, kila akitia kufuli, huhesabu hatua mpaka kona akisikiliza kama kuna anayelia. Alitamani kuomba, akaona haya. Alijua tunavyomsema.

Alijua! Hilo ndilo lililotuuma. Mama chui hasikii wanayosema watu barazani, lakini jirani yetu alisikia, na kwa kuwa alisikia, hakubisha hodi. Maneno yetu ndiyo yaliyokuwa kufuli ya pili.

Sasa watoto wale hushinda asubuhi kwa zamu katika nyumba tatu, na kufuli liko juu ya kabati. Tumeyaandika haya bila kujisifu, maana anayelipa deni hasifiwi. Tunawaomba wasomaji wetu, kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja autazame mtaa wake na ajiulize ni nani anayelea peke yake: aliyefiwa, aliyeachwa, ambaye mume yuko melini au Ghuba, au ambaye mume yupo na hayupo. Msiende na nasaha. Nendeni na swali lile dogo tulilolisahau, kisha mngojee jibu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wanaolea peke yao, atusamehe ndimi zetu, na atujaalie tuwe majirani. Amin.

Wabillahi tawfiq.