Mlinzi wa Bonasi Yetu

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa kwetu angependa kuwa nani, atakujibu daktari, wakili au rubani. Akitaja injinia, basi anafikiria ofisi yenye zulia na gari kubwa. Kwa maoni yangu, hapo tumepotoka. Injinia wa nishati, yaani yule anayeshughulikia moto na stima, yuko karibu nasi na jasho lake linasaidia kutulipia karo, lakini hatumjui.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha majani chai kama Litein au Kapkoros. Jani likitoka shambani, zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Linanyaushwa kwa hewa ya feni, linasagwa, linaachwa lichachuke, kisha linakaushwa mpaka maji yabaki kama asilimia 3. Joto hilo hutoka kwa mvuke wa boila, na boila inakula kuni. Mashine nazo zinakula stima.

Sasa kazi ya injinia ni nini? Anasoma geji za mvuke, anapima unyevu wa kuni, anatafuta mabomba yanayovuja na kuandika stima iliyotumika. Stima ikipotea usiku wa manane, jani halingoji! Jenereta isipowaka upesi, jani lililosagwa linachachuka kupita kiasi, na chai hiyo haipati bei nzuri kule mnadani Mombasa. Anayeumia ni mama aliyechuma tangu alfajiri, maana bonasi yake inapungua.

Kuna wanaosema kuni ni tele, ya nini kupimapima? Sikubaliani nao hata kidogo. Kuni mbichi hupoteza moto mwingi kukausha maji yake yenyewe, kwa hivyo miti mingi hukatwa kwa kazi ambayo michache ingetosha. Viwanda hupanda mikaratusi, lakini isipotosha, muuza kuni atakata wapi? Na huko Mau ndiko mito yetu inakotoka. Mto Nyangores ni mmojawapo. Maji yake, pale maporomoko ya Tenwek, yamekuwa yakiipa hospitali stima tangu mwaka wa 1987. Msitu ukiisha, tutakosa kuni, maji na hiyo stima.

Wengine hudai eti hii ni kazi ya wanaume. Upuuzi mtupu! Geji haijui kama anayeisoma ni msichana au mvulana.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wa Fizikia watupeleke kiwandani. Si lazima kila ziara iwe ya Mombasa. Tukaone boila kwa macho yetu, tuongee na injinia na wale wanaotia kuni, kwa sababu bila wao hata yeye hawezi kitu. Nanyi wenzangu mnaoikimbia Fizikia mkifika Kidato cha Tatu mkisema ni ngumu, fikirini tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwanachama, Kidato cha Tatu