Miguu ya ng'ombe ndiyo mtego wa mbung'o

Ng'ombe akianza kukonda, manyoya yakasimama na maziwa yakapungua, mfugaji wa ukanda wenye mbung'o hukimbilia duka la dawa za mifugo. Nagana inayoenezwa na mbung'o, ambayo wengine huiita ugonjwa wa ndorobo, hutibika kwa sindano, na sindano hupatikana hata gulioni. Lakini ng'ombe aliyetibiwa leo hurudi kesho kwenye kichaka kilekile, akaumwa na mbung'o walewale. Dawa kuu mbili tunazozitegemea, diminazini na isometamidiamu, zimetumika kwa miongo mingi, na katika maeneo mengi ya Afrika vimelea vya nagana vimekwisha kuzizoea. Kila dozi pungufu inayochomwa kwa kubahatisha huongeza usugu huo. Sindano tuiache kwa mgonjwa. Fedha ya kinga iende kwa mdudu mwenyewe, na mahali rahisi pa kumpata ni miguuni na tumboni mwa ng'ombe anayemfuata.

Udhaifu wa mbung'o uko kwenye uzazi wake. Nzi wa kawaida hutaga mayai kwa mamia, ilhali mbung'o jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi. Katika maisha yake ya miezi miwili au mitatu hafikishi watoto kumi. Ndiyo maana wataalamu hukadiria kwamba kifo cha ziada cha majike wanne katika kila mia, kila siku, kikiendelea bila kukatizwa, kinatosha kuumaliza ukoo wao mahali hapo. Tena madume na majike wote huishi kwa damu pekee, na kila baada ya siku chache lazima wamtafute mnyama. Ng'ombe aliyepakwa dawa huwa mtego unaotembea: hupita kila kichaka mbung'o anamosubiri, wala hahitaji mlinzi wa kuzuia kitambaa kisiibwe, kama inavyotokea kwa mitego ya buluu na nyeusi inayosimikwa porini.

Wafugaji watauliza, na wana haki, dawa hiyo italipwa na nani. Utafiti uliofanyika Zimbabwe ulionyesha kwamba mbung'o wengi wanaomwendea ng'ombe hutua miguuni na tumboni, na kwamba huwapendelea ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Hivyo hakuna sababu ya kulowesha mwili mzima wa kila mnyama. Bomba la mkono likipuliza miguuni na tumboni mwa ng'ombe wakubwa, dawa inayotumika ni sehemu ndogo tu ya ile ya kumwogesha mzima. Faida nyingine mbili huja zenyewe. Mbawakawa wanaofukia samadi malishoni huathirika kidogo kuliko dawa inapomwagwa mwili mzima, na ndama wasiopakwa huendelea kukutana na kupe wakiwa wadogo, umri ambao miili yao hujijengea kinga dhidi ya baadhi ya magonjwa ya kupe.

Jambo moja halihitaji hata shilingi ya ziada, nalo ni kuchagua dawa kwa makini. Deltamethrini na wenzake, ambao ni jamaa wa kiwandani wa pareto yetu, huua kupe na mbung'o pia. Amitrazi huua kupe lakini haimpunguzi mbung'o. Josho la kijiji chenye mbung'o likijazwa amitrazi, nusu ya kazi imeachwa. Serikali inapotoa ruzuku ya dawa za kuogesha, ramani ya mbung'o inapaswa kuamua ni dawa gani iende wapi.

Wapo wanaosema tufuate mfano wa Zanzibar, tummalize kabisa. Mfano huo ni wa kujivunia. Kati ya 1994 na 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliohasiwa kwa mionzi, waliokuzwa Tanga, waliachiwa kwa ndege juu ya Unguja. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa huru. Hata hivyo, kabla ya ndege kuruka, mbung'o walikuwa wamepunguzwa kwanza kwa dawa iliyomwagwa migongoni mwa ng'ombe na kwa vitambaa vyenye sumu. Tena Unguja imezungukwa na bahari. Bara hakuna bahari ya kumzuia mbung'o wa wilaya jirani asirudi.

Pingamizi zito zaidi ni la wanyamapori. Kando ya hifadhi, mbung'o ana nyati, ngiri na pongo wa kunyonya, na wengi hawatamgusa ng'ombe aliyepakwa. Ni kweli, na huko vitambaa lazima vijazie pengo. Lakini sehemu kubwa ya wafugaji wetu wako kwenye mashamba na vichaka ambako wanyama wakubwa wa porini wameadimika, na damu inayomlisha mbung'o hutoka zaidi kwa ng'ombe. Huko njia hii ina nguvu, kwa sharti moja: majirani waifanye pamoja. Mwenye ng'ombe kumi akipaka peke yake, mbung'o watamhamia jirani, kisha watarudi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mfuko wa mtu mmoja mmoja. Halmashauri zinazotoza ushuru mnadani zirudishe sehemu yake kama mabomba, dawa sahihi na ratiba moja ya kijiji kizima, siku ileile, kila mwezi.