Funzo la Lamu: Leseni ya Mradi wa Umeme Haitoshi Bila Wananchi Kusikilizwa

Uamuzi wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, nchini Kenya, uliotolewa Oktoba 2025 na kukataa kurejesha leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, una funzo kwa wakazi wa Masasi na Newala. Mipango ya kuimarisha gridi ya Taifa ukanda wa kusini inahusisha njia ya umeme kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi.

Kampuni ya Amu Power ilikusudia kuzalisha megawati 1,050 kwa takriban dola bilioni 2 za Marekani. Ilipata leseni ya mazingira mwaka 2016, lakini tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira liliifuta. Hoja kuu ilikuwa kwamba mikutano ya wananchi ilifanyika kabla ripoti ya tathmini haijakamilika, hivyo hawakupata nafasi ya kuijadili.

Kampuni ingeweza kuanza upya kwa tathmini nyingine, lakini ilichagua kukata rufaa. Wakati shauri likiendelea, washirika wake walibadili mwelekeo. Septemba 2020 kampuni ya General Electric, iliyotarajiwa kushiriki katika mradi huo, ilitangaza kuachana na ujenzi wa mitambo mipya ya makaa ya mawe. Benki ya ICBC ya China nayo ilijiondoa. Miaka sita ikapita bila umeme kuzalishwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya miradi mikubwa kuanza. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya kuridhia au kukataa uhamishaji wa ardhi isiyozidi hekta 250. Inapozidi, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri huamua.

Kwa mkulima wa korosho, jambo hili ni zito, kwani mkorosho huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Sheria ya Ardhi inasisitiza fidia kamili, ya haki na ya wakati. Hivyo, mwananchi anapaswa kuhudhuria mikutano, kuhakiki idadi ya miti yake wakati wa uthamini na kutoa hoja mapema, kabla nguzo hazijasimikwa.