Usiuze Maharage Yote



Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna ardhi nzuri. Mvua tunapata. Samadi tunayo. Maharage yetu yanauzwa Tengeru na mjini Arusha. Lakini watoto wenye utapiamlo bado wanaletwa zahanati.

Mama mmoja alileta mtoto wa miaka 2. Miguu ilikuwa imevimba. Nywele zilikuwa zimebadilika rangi. Nilimwuliza, "Mama, mnalima nini?" Akajibu, "Maharage, daktari. Baba yake ameuza magunia yote 4." Mtoto alikuwa akila uji mtupu na ndizi.

Sisemi tusiuze. Sabuni na sare za shule zinataka fedha. Ninasema kila nyumba iwe na maharage ya mtoto, na hayo yasiuzwe. Akina baba, nawaomba mkubali jambo hili.

Yapande karibu na jiko. Chagua maharage ya kutambaa, kwa maana hayataki nafasi kubwa. Mvua zikianza, changanya udongo na samadi iliyooza. Simika fito ndefu kuliko mtu. Kila fito panda mbegu 3, kina cha sentimita 4 hivi. Zitaota baada ya siku 7 hadi 10. Chuma maganda mabichi mara kwa mara, nayo mengine yatazaa. Acha maganda ya miche yenye afya yakauke. Hiyo ndiyo mbegu ya mwakani.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, mbegu ya dukani iliyopakwa dawa isiliwe kamwe, hata ikioshwa. Pili, maharage yasiyoiva yana sumu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe sana mpaka yawe laini. Mtoto aliyefikisha miezi 6 mpondee, umchanganyie na ndizi au uji, huku akiendelea kunyonya.

Mtoto akivimba miguu, usingoje maharage yaive shambani. Mlete zahanati siku hiyo hiyo.

Mwaka 1975 bibi na babu zetu walisikia redioni kampeni ya "Chakula ni Uhai". Maneno hayo ni ya kweli hata leo. Fedha ya gunia huisha upesi. Afya ya mtoto ikiharibika, hatuwezi kuinunua sokoni.

Je, wewe umembakizia mwanao debe ngapi?